Una mashine ya kutotolesha? Usipokee oda siku unayoweka mayai

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo mnaototolesha nyumbani na kuuza vifaranga kwa WhatsApp, leo tuongelee oda.

Wengi wanaweka trei moja, mayai 30, na siku hiyohiyo wanapokea hela ya vifaranga 30. Siku ya 21 vinatoka vichache, mteja anadai chake na hela ishanunua pumba. Jina limeharibika hivyo.

Fanya hivi:

✅ Mashine yenye feni, joto liwe nyuzi 37.5 hivi. Geuza mayai mara 3 hadi 5 kwa siku.

✅ Siku ya 7 zima taa, mulika kila yai kwa tochi ya simu. Lenye mishipa myekundu liko hai. Likiwa jeupe tupu ndani, toa.

✅ Siku ya 18 mulika tena, acha kugeuza, ongeza maji kwenye mashine. Hapo sasa pokea oda, na usizimalize zote. Yakibaki mazima 22, uza 15 kwanza.

✅ Umeme je? Ngara tuna Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi, lakini nguzo ikidondoka mtaani kwako mashine inapoa tu. Ifunike blanketi, acha matundu ya hewa wazi, usifungue kuchungulia. Na mwambie mteja mapema kwamba vinaweza kuchelewa siku moja.

Mtumie na mwenzako mwenye mashine.