Choo Kinanuka? Hebu Angalia Bomba Lake

Kengele ya mapumziko imelia. Umebanwa mkojo, lakini ukikifikiria choo cha shule unaona bora uvumilie mpaka nyumbani. Kesho yake, ili usibanwe tena, hunywi maji asubuhi. Je, unajijua? Wengi wenu mko hivyo, hasa wasichana. Sasa sikiliza: kubana mkojo kwa muda mrefu na kunywa maji kidogo kunaongeza hatari ya kupata maambukizo ya njia ya mkojo. Kwa hiyo harufu ya choo inaihusu afya yako moja kwa moja.

Harufu yenyewe inatoka wapi? Kinyesi kinapooza shimoni bila hewa ya kutosha, vijidudu vinatengeneza gesi. Mojawapo ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Mkojo nao unatoa amonia, ile inayochoma macho. Katika choo cha shimo cha kawaida gesi hizo zinatokea palepale unapochuchumaa, kwenye tundu.

Mwaka 1973, Peter Morgan na wenzake wa maabara ya utafiti ya Blair, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walibuni choo cha shimo chenye bomba refu la hewa. Ndicho hiki mnachokiita choo cha VIP. Wengi wanadhani lile bomba ni la kutolea joto, au ni pambo! Kumbe kazi yake ni hii: upepo ukipita juu ya mdomo wa bomba unavuta hewa ya shimoni kwenda juu. Ikipanda hiyo, hewa safi inaingia chumbani na kushuka kwenye tundu kuchukua nafasi yake. Yaani harufu inatokea juu ya paa, wewe huisikii. Jua likilipasha bomba linasaidia, lakini mara nyingi kazi kubwa ni ya upepo. Ndiyo maana bomba linatakiwa kupita paa kwa nusu mita hivi, na mti usilizibe.

Na nzi je? Nzi anapotoka shimoni anafuata mwanga. Kama chumba kina giza kidogo, mwanga anaouona ni ule wa juu ya bomba. Anapanda, anakutana na wavu, anafia humo. Kule Zimbabwe walijaribu kuhesabu. Kwa siku 78, choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953. Chenye bomba na wavu kilitoa 146. Nzi hao hao ndio wanaotua kwenye kinyesi, kisha kwenye andazi lako, wakakuachia kuhara.

Hapa sasa ndipo watu wanapoharibu. Mtu mwenye nia nzuri anafunika tundu la choo cha VIP ili harufu isitoke. Akilifunika, hewa haishuki tena, na bomba halina cha kuvuta. Liacheni wazi! (Choo cha shimo kisicho na bomba ni kinyume chake: hicho kifunikeni, na kumwaga jivu kunasaidia.) Wengine wanatoboa dirisha kubwa, nzi wanapata mwanga mwingine wa kutokea. Wengine wanamimina dawa kali ya kuua vijidudu shimoni, inawaua hata wale wanaoozesha kinyesi. Mimi nimeona shule moja ambayo bomba lilikuwa zima kabisa, ila ndani limejaa utando wa buibui, na wavu umeoza.

Bomba halioshi sakafu, lakini. Mkojo uliomwagika pembeni utanuka tu, hata upepo uvume vipi. Unahitaji maji, fagio na zamu inayofuatwa, wavulana wakiwemo.

Unataka kujua kama choo chenu kinafanya kazi? Washa kijiti cha udi, ukizime mwali ubaki moshi, ukishike karibu na tundu. Moshi ukishuka shimoni, bomba linavuta. Ukipanda usoni kwako, kuna kitu kimeziba. Mwambieni mwalimu wa afya atafute fundi apande juu, amwage ndoo ya maji ndani ya bomba kuondoa utando, na kama wavu umetoboka afunge mwingine usiopata kutu. Nyie msipande wenyewe, mapaa mengine ya vyoo yameshachoka.