Ofa Ikiisha Usiku wa Manane, Mfumo Hujuaje?

Mama anayenunua omena pale Sori, Migori, anaweza kutuma mia nane asubuhi na mia tisa jioni. Makato madogo madogo hayo ndiyo humla faida. Kwa hivyo ukisikia "tuma bure", uliza kwanza: inaisha lini?

Chukua mfano wa wakati wa korona. Tarehe 16 Machi 2020, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu ni bure. Mwisho uliwekwa 30 Juni, kisha ukasogezwa hadi 31 Desemba 2020. Januari ilipofika, ada zikarudi.

Inavyofanya kazi

Kwenye programu, sharti kama hilo huwekewa tarehe mbili: ya kuanza na ya kuisha. Kila ukituma pesa, mfumo huangalia saa yake. Ukiwa ndani ya muda, hukatwi kitu. Muda ukipita, bei ya kawaida inarudi yenyewe, bila mtu kukesha akibonyeza kitufe. Muda ukiongezwa, hubadilishwa tarehe ya mwisho tu.

Ndiyo maana ajenti wako wa Mbita au Rongo hawezi kukuongezea hata siku moja. Na mtu akikupigia akisema atakuongezea ofa ukimpa PIN, huyo ni mwizi. Kata simu.

Mambo matatu ya kuangalia

1. *Kila sharti lina muda wake.* Tangazo lile la 2020 pia lilipandisha kiwango cha kutuma kwa mara moja, kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000. Ubure uliisha, lakini kiwango hakikurudi chini.

2. *Siku zinahesabiwa kutoka wapi?* Ofa nyingine hufuata kalenda, sawa kwa wote. Mkopo huanza kuhesabu siku unapochukua. Hustler Fund, iliyozinduliwa 30 Novemba 2022, ilitoa siku 14 za kulipa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Ukichelewa, inapanda hadi 9.5.

3. *Saa ni ya mfumo, si ya simu yako.* Mtandao ukisumbua huko ziwani, ombi lako linaweza kufika muda umeshapita. Tuma mapema, kisha soma SMS: saa, tarehe na ada viko hapo.