Sonara Msomaji wa Langoni

Ukitaka kumuudhi sonara huyu wa Langoni, mjini Lamu, msomee hadithi ambamo bibi harusi kavaa "mkufu wa thamani kubwa". Ataweka tupa chini akuulize: thamani gani? Karati ngapi, gramu ngapi? Kwake yeye, mwandishi asiyeujua uzito wa mkufu hajamwona hata huyo bibi harusi.

Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ndio anaousifu bila masharti. Mama yule anapomuusia bintiye hasemi "mapambo" akapita. Anataja kidani na shingo yake, pete na chanda chake, kisha hina, wanja na dalia. "Huyu alikuwa akivaa," husema sonara, na hiyo ndiyo tahakiki yake nzima. Mimi nimesikia ndefu zaidi zisizofikia hapo.

Kazi yenyewe humpa nafasi ya kusoma. Fedha tupu ni laini mno kwa pete ya kila siku, kwa hiyo huchanganywa na shaba: sehemu 925 za fedha kwa 75 za shaba. Pete ikishapigwa moto, shaba ile huifanya nyeusi kama sufuria ya kuni. Hutiwa kwenye tindikali iliyozimuliwa kwa maji, ikangojwa itakate. Hapo ndipo kitabu hufunguliwa, baada ya vidole kuoshwa na kufutwa vizuri, maana tindikali haijui karatasi ya nani.

Kwenye moto hasomi. Hupaka tinkali kwenye maungio, huweka kipande kidogo cha lehemu, kisha huzungusha moto wa gesi polepole. Fedha safi huyeyuka kwa nyuzi 961 za Selsiasi. Fedha ya pete, yenye shaba, huyeyuka chini ya hapo, na lehemu huitangulia kidogo tu. Inapong'aa na kukimbia ndani ya ufa, moto uondolewe papo hapo, la sivyo pete nayo inakwenda.

Vitabu vyake huviazimisha, ila kwa taratibu za dukani: jina, tarehe na sahihi, katika daftari lile lile la vito vya wateja. Kuna bibi mmoja ambaye kikuku chake kiko tayari tangu Mfungo Mosi na fedha keshalipa. Hapewi. Kwanza arudishe Kusadikika.