Mkutuo wa Mwisho

Msomaji wa Morogoro, dereva wa Noah ya abiria, anauliza: mbona anakanyaga breki taratibu kabisa, na bado gari likisimama abiria wanatikisa vichwa kama wazee waliokubaliana mahari?

Habari za Pascal na mafuta ya breki naziruka. Zimo katika vitabu vya fizikia vya sekondari. Yatosha kujua kwamba mafuta hayashindiliki, hewa inashindilika, ndiyo maana breki zilizoingia upepo zina pedali laini kama sponji. Pedali nzima ikishashika hushuka kidogo mno, kwa hiyo mguu wa dereva husoma uzito zaidi ya umbali.

Utamu uko kwenye sekunde ya mwisho. Mtazame abiria vizuri: gari likisimama, kichwa chake hurudi nyuma. Wakati wa kupunguza mwendo pua ya gari huinama, springi za mbele hubonyea, naye hukaza shingo asiangukie mbele. Amekwisha kuuzoea mvuto ule. Magurudumu yakisimama, mvuto unakatika, springi zinafyatuka, na shingo bado inapambana na adui aliyekwisha kuondoka. Kibaya zaidi, pedi nyingi hung'ata zaidi mwendo unapokaribia sifuri, hata kama mguu haukuongeza kitu.

Wanafizikia wana jina la kasi ya kubadilika kwa mchapuko, sisi hatuna tulilokubaliana. “Mshtuko” umeshachukuliwa na umeme na moyo. “Mtikiso” huenda na kurudi. Mimi nashika “mkutuo”, kutoka kukutua, yaani kuvuta kwa ghafla, kama mvuvi anavyokutua mshipi samaki akidonoa. Mhariri aliniuliza kama ndege nayo hukutua uwanjani. Ndege inatua, “ku” yangu ni ya mzizi, na siiachi.

Sasa mfikirie mwenye ndoo ya maji kichwani, isiyo na kifuniko. Njiani anatembea mbio mbio na maji yametulia. Hamwagikiwi kwa sababu ya mwendo, wala kwa kupunguza mwendo, humwagikiwa akisita. Akifika mlangoni hatua zake za mwisho hufupika, ya mwisho kabisa ni kuburuta unyayo tu. Wengine huelesha jani juu ya maji likae kama askari wa zamu. Abiria wako ndiyo maji, springi ndiyo shingo ya mbebaji, na jani, kwa bahati mbaya, hakuna.

Dawa ni kuburuta unyayo. Tuseme gari linapunguza mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Likisimama hivyo hivyo, mvuto ukakatika kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mkutuo ni 30. Ukianza kuachia pedali sekunde moja kabla, kidogo kidogo mpaka ibaki ya kushikilia tu, mkutuo ni 3. Gharama yake? Nimepiga hesabu mara mbili: kama sentimita 13 za barabara. (Mtoto akikatiza, sahau haya, kanyaga yote.)

Nilijaribu uwanjani kwa gari la shemeji, chupa ya maji iliyo wazi kitini. Mara tatu maji yalitulia. Ya nne nilikuwa nikijisifu, nikasahau kuachia, na kiti bado kimeanikwa.