Mteremko Haushindwi kwa Misuli

Arua, Uganda, ni mji wa juu. Uwanja wake wa ndege uko takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mji wenyewe umekaa karibu na mgongo wa ardhi unaogawa maji, upande mmoja mito ikishukia Nile, upande wa pili ikielekea Kongo. Anayetoka Mombasa na kucheza gofu hapa huona upesi kwamba mpira unakwenda mbali kuliko alivyozoea, na kosa lake linaanzia kwenye furaha hiyo. Hudhani nchi ya juu inampendelea mwenye mabega mapana. Nadhani kinyume chake ndicho kweli: kadiri ardhi inavyoinuka na kuinama, ndivyo nguvu inavyopungua thamani, na anayeshinda ni yule aliyeamua mpira utasimama wapi kabla ya kuinua fimbo.

Hewa yenyewe inatosha kuwa ushahidi. Kwenye mita 1,200 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko ile ya pwani, kwa hiyo mkwaju wa mita 200 wa Mombasa hufika karibu mita 210 Arua. Kule Limuru, Kenya, kwenye mita 2,200 hivi, ziada huwa kubwa zaidi. Lakini hewa ndiyo pia inayoushikilia mpira juu unapozunguka. Ikipungua, mpira hupaa chini kidogo, hutua kwa pembe ya kulala, kisha hukimbia. Mita kumi ulizopewa angani unaweza kuzilipa ardhini, mpira ukivuka grini na kuteremkia vichakani.

Mteremko nao una hesabu yake. Shimo likiwa mita 10 chini yako, piga kana kwamba umbali umepungua kwa mita 10 hivi. Likiwa juu kwa kiasi hicho, ongeza kiasi hicho. Hiyo ni kanuni ya kukadiria tu, ila inaokoa mikwaju mingi. Kigumu zaidi ni pale unaposimama ubavuni mwa kilima. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira uliolala juu ya usawa wa nyayo zake huvuta kushoto, na uliolala chini huvuta kulia. Ukiwa juu, shika mpini chini kidogo. Ukiwa chini, kunja magoti zaidi na ubaki umekunja hadi fimbo ipite. Katika hali zote mbili lenga pembeni, upige kwa robo tatu ya nguvu zako, kwa sababu mguu ukiteleza kidogo tu fimbo hukwangua udongo badala ya mpira. Dereva wa lori anayetoka Arua kwenda Koboko, na kutoka hapo kuingia Sudan Kusini, anaijua akili hii: gia ya mteremko huchaguliwa kabla ya mteremko.

Wapo watakaosema Arua si milimani, kwamba mlima ni Wati unaoonekana upande wa mashariki, au Liru kule Koboko. Ni kweli, hii ni nyanda ya juu yenye vilima. Ila mpira hauulizi jina la mlima. Unafuata hewa na mwinamo. Wengine watasema anayepiga mbali hubakiwa na mkwaju mfupi, na mfupi ni rahisi. Kwenye uwanja tambarare nakubali. Kwenye kilima, mita 60 ukiwa umesimama mwinamoni ni mtihani mgumu kuliko mita 110 ukiwa umesimama sawa. Kipimo cha leza nacho hukupa umbali, lakini hakikuambii mpira utabingirika kiasi gani baada ya kutua.

Hilo la kubingirika huamuliwa na majira, na hapa ndipo mgeni anapomhitaji kedi (mbeba fimbo) wa hapohapo kuliko fimbo mpya. Januari, katikati ya kiangazi cha eneo hili la West Nile, udongo mwekundu hukauka ukawa kama sakafu, na mpira ukitua hurukaruka mbali. Agosti, mvua zikiwa zimekolea, nyasi huushika na ardhi laini huumeza palepale. Basi ukija Arua kiangazi, chukua fimbo fupi zaidi na uutue mpira mbele ya grini. Ukija wakati wa mvua, ufikishe kwa hewa. Na kabla ya mkwaju wa kwanza, muulize kedi maji ya mvua hukimbilia wapi, maana mpira nao utakimbilia hukohuko.