Fahamu: Kikao cha familia badala ya kizimba

Mvulana wa miaka 15 anavunja kioski usiku, anabeba simu tatu. Njia iliyozoeleka ni rumande, kizimba, kisha kifungo. New Zealand ilifungua njia nyingine mwaka 1989, kwa sheria iliyoazima mengi kutoka desturi za Wamaori, wenyeji asilia wa nchi hiyo: kosa la kijana ni jambo la ukoo mzima.

Huko huitishwa kikao cha familia. Huketi kijana, wazazi, mashangazi, polisi na, akipenda, aliyeibiwa. Mwenye kioski hueleza hasara yake na usingizi uliompotea, na kijana husikiliza. Kisha familia hujitenga faraghani kupanga jinsi ya kurekebisha: kulipa kidogo kidogo, kufanya kazi, kurudi shule. Kule kujitenga ndiko roho ya mpango wote, maana hakuna ofisa wa kuwalisha maneno. Yaliyokubaliwa yakitekelezwa, kwa kawaida shauri huishia hapo. Kesi za mauaji hazimo katika mpango huu.

Kenya nayo, kwa Sheria ya Watoto ya 2022, ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na ikatambua vikao vya familia miongoni mwa njia za kumwepusha mtoto na mahakama. Lakini lazima akiri mwenyewe, bila kushurutishwa.

Ni kumdekeza? Sidhani. Kukaa uso kwa uso na uliyemwibia, shangazi yako akikukodolea macho, ni kugumu kuliko kunyamaza nyuma ya wakili. Ugumu huanza aliyeumizwa asipofika, au familia isipokuwa na hata senti ya fidia.