Walianza kwa Kutengeneza Tangi la Panya

Katikati ya miaka ya 1980, wanafunzi wawili wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, walipanda Mlima Kilimanjaro ili wavishane pete ya uchumba kileleni. Baridi ilikuwa kali, wakavua glavu kwa muda wa kuvishana pete tu. May-Britt na Edvard Moser walioana mwaka 1985. Mwaka 2014 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba, pamoja na John O'Keefe wa London, kwa kueleza jinsi ubongo unavyotambua mahali mtu alipo.

Kijana anayeanza shahada ya uzamivu leo atafaidika zaidi akiutazama mlango walioingilia kuliko medali waliyovishwa.

Hawakuzaliwa katika nyumba za maprofesa. May-Britt alikulia shambani, kitindamimba wa watoto watano. Baba yake Edvard alikuwa fundi wa vinanda vya kanisani. Saikolojia iliwafundisha tabia, nao wakataka kujua ni nini ndani ya fuvu kinachoizalisha. Wakamwendea Profesa Per Andersen, bingwa wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Andersen alisita kuwapokea. Wakagoma kutoka ofisini mwake hadi akakubali, kwa sharti kwamba wajenge wenyewe maabara ya kupimia kumbukumbu za panya ndani ya maji.

Kipimo hicho kilikuwa kimebuniwa na Richard Morris huko Scotland. Ni tangi la duara lenye maji yaliyotiwa weupe, na chini kidogo ya uso wa maji hufichwa jukwaa dogo. Panya huogelea akilitafuta. Akirudiarudia, huja kukumbuka lilipo kwa kufuata alama zilizomo chumbani. Akina Moser wakauliza: je, kazi hiyo hufanywa na hipokampasi nzima? Matokeo waliyochapisha mwaka 1993 yalionyesha kwamba panya walioharibiwa sehemu ya juu walihangaika majini, ilhali walioharibiwa sehemu ya chini waliendelea kulifikia jukwaa.

Hivyo ndivyo uzamivu ulivyo: swali moja jembamba, kifaa kinachoaminika, na miaka ya kurudia jaribio lile lile. Wakati huohuo walikuwa wakilea. Binti yao wa kwanza alizaliwa mwaka 1991, na shahada wakazipata mwaka 1995.

Baada ya hapo walikwenda kwa Morris mjini Edinburgh, kisha kwa O'Keefe, ambaye mwaka 1971 alikuwa ameripoti seli zinazoamka panya anapofika mahali fulani. Kwake walijifunza kunasa ishara za seli moja moja kwa nyaya nyembamba mno. Mwaka 1996 wakaajiriwa mjini Trondheim, Norway, wakaanzisha maabara yao katika handaki la kujikinga na mabomu. Mwaka 2005 timu yao ikatangaza seli zinazoamka panya anapofika katika vituo vingi vilivyopangika kwa pembe sita, kama sega la nyuki. Seli hizo zimo katika gamba jirani na hipokampasi, eneo ambalo ni miongoni mwa yanayoshambuliwa mapema na ugonjwa wa Alzheimer. Si ajabu wagonjwa wengi hupotea hata katika mitaa waliyoizoea.

Afrika nayo haiko nje ya safari hii. Chama cha wanasayansi wa neva wa bara letu kilianzishwa Nairobi mwaka 1993. Tena, fani hii haiwahitaji madaktari peke yao: aliyesoma saikolojia, hisabati, kompyuta au uhandisi wa umeme ana nafasi yake.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta msimamizi, usianze kwa kuangalia ukubwa wa jina la chuo. Soma machapisho ya msimamizi mwenyewe, mwendee ukiwa na swali lako mkononi, na akikupa kazi ya kujenga tangi, lijenge. Nanyi maprofesa wetu, mwanafunzi anayebisha hodi mara ya pili msimfukuze. Mpeni kazi mumwone.